Mstari Chini ya Jina

Saa nane na dakika tano mchana, siku ya Jumatano, kulikuwa na maji sakafuni chini ya mlango wa kushoto wa ndege.

Hayakuwa mengi. Kikombe kimoja, tuseme, yametandaa juu ya saruji na kingo zake zimeanza kukauka. Lakini fundi mpaka rangi, ambaye uwanja mzima wa ndege ulimwita Jicho kwa kuwa aliweza kutofautisha nyeupe mbili ambazo wengine waliapa ni moja, alisimama mlangoni mwa banda na ufunguo bado mkononi. Asubuhi ile alikuwa amesugua mkia. Maji yake aliyaacha mkiani, ndani ya ndoo, na ndoo aliifunika. Kutoka mkiani hadi mlango wa kushoto ni hatua saba. Maji hayana miguu.

Ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ya viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, bawa juu na kigurudumu mkiani. Wakati wa vita ilibeba barua, ramani na majeruhi. Vita vilipokwisha iliuzwa, ikapulizia dawa mashambani ikiwa ya njano, kisha ikafundishia marubani ikiwa nyeupe yenye mstari wa buluu. Kitambaa cha mabawa na cha ubavuni kilikuwa kimebadilishwa mara mbili. Rangi ya vita ilibaki penye bati tu: milango miwili, kifuniko cha injini, na nguzo zinazoshikilia bawa. Kazi ya Jicho ilikuwa kuitafuta rangi hiyo chini ya nyingine zote, kuichanganya upya, na kuirudishia ndege sura iliyokuwa nayo siku moja mahususi, miaka hamsini na mbili iliyopita.

Mlango wa kushoto alikuwa ameufunika kwa karatasi tangu Jumatatu, ili usiguswe kabla mkaguzi wa makumbusho hajaupiga picha. Karatasi bado ilikuwepo. Utepe wa gundi ulioishikilia haukuwa wake. Jicho alikata utepe kwa wembe. Huu ulikuwa umechanwa kwa vidole, ncha zake zimekunjamana kama mdomo wa mtoto anayekataa dawa.

Aliubandua.

Chini ya dirisha la mlango mtu alikuwa amechimba kisima. Ndivyo wapaka rangi wa ndege kuukuu wanavyokiita kidoa kinachosuguliwa kwa msasa laini na maji, taratibu, mpaka tabaka zitokee moja ndani ya nyingine kama pete za mti uliokatwa. Kisima hiki kilikuwa na ukubwa wa yai. Nyeupe nje, kisha njano, na katikati palikuwa na mambo mawili. La kwanza lilikuwa rangi ya kahawia, kama udongo wa mfinyanzi ulioanza kukauka. La pili lilikuwa mchirizi mweupe juu ya ile kahawia, mnyoofu, mpana kama kidole.

Jicho alichuchumaa akayaangalia yote mawili, kisha akaanza na ile kahawia. Hiyo ndiyo iliyomwuma.

Kwa sababu siku ya Jumatatu baba yake mdogo alikuwa amesimama papo hapo, ameegemea mkongojo wake, akitazama kibati cha sampuli ambacho Jicho alikuwa amekipaka rangi ya kijani iliyoiva.

"Hii nini?"

"Rangi yenu ya vita, Baba Mdogo."

"Ya vita gani? Ile ilikuwa kahawia."

"Nimeitoa chini ya bawaba za mlango, mahali ambapo jua halijafika tangu kiwandani. Imelingana na orodha ya jeshi, namba kwa namba."

"Orodha haikuipanda ile ndege, mwanangu. Mimi niliipanda."

Fundi mitambo, waliyemwita Spana, alikuwa amelala chini ya injini. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana. Miguu ilicheka. "Mzee Kozi, labda uliipanda ikiwa imeingia kutu!"

Mzee hakucheka. Aliondoka. Na Jicho, ambaye hakuwa na desturi ya kuacha swali likilala, alibaki na swali: mtu aliyekaa ndani ya ndege miezi kumi na mitatu anawezaje kusahau rangi yake?

Swali hilo lilikuwa na uzito wake. Baba Mdogo ndiye aliyemlea tangu baba yake alipofariki, yeye akiwa na miaka mitano. Waliishi nyumba moja, nyuma ya uwanja wa ndege, na walikula meza moja. Nyumba ile ilikuwa imejengwa juu ya habari moja: Siku ya Daraja. Daraja lilipovunjwa kwa mabomu na majeruhi wawili wakabaki ng'ambo, rubani mmoja alitua kwenye kipande cha barabara huku risasi zikimtafuta, akawapakia wote wawili kwenye kiti kimoja, akaruka nao. Rubani huyo ni Kozi, kama Baba Mdogo alivyoitwa tangu jeshini. Shuleni Jicho aliitwa mtoto wa Kozi. Wajomba walipogombana, neno la Kozi ndilo lililofunga ugomvi, maana nani atabishana na mtu aliyetua chini ya risasi? Sasa makumbusho yalikuwa yamekubali kuichukua ndege na kuandika jina la rubani wa siku hiyo chini ya dirisha la mlango. Mkaguzi angefika Ijumaa saa nne asubuhi. Fomu yake ilikuwa na sehemu ya maelezo ya rubani, na chini yake sehemu ya mpaka rangi, yenye sentensi moja: *Katika tabaka zote nilizozifungua, sikukuta chochote kinachopinga maelezo haya.* Hapo Jicho alitakiwa kutia sahihi.

Alichukua daftari lake, akarudi kwenye kurasa za wiki iliyopita. Kifuniko cha injini, kisima cha kwanza: *nyeupe, njano, uchafu, kijani, bati.* Kisima cha pili: *nyeupe, njano, uchafu, kijani, bati.* Mwandiko wake mwenyewe, safi, wa mtu anayejiamini.

Alikwenda kwenye kifuniko cha injini na msasa laini kuliko yote aliyokuwa nao, akachimba kisima cha tatu kwa nusu saa, ilhali vile viwili vya wiki iliyopita alivichimba kwa dakika nne kila kimoja. Njano ilipokwisha, alisimama. Chini yake hapakuwa na uchafu. Palikuwa na kahawia. Aliposugua tena mara kumi, kahawia ikaisha na kijani kikatokea, bila mpaka, rangi moja ikigeuka nyingine. Ilikuwa rangi ileile. Jua lilikuwa limeikausha na kuipausha usoni, na yeye, kama wanavyofundishwa wote wa kazi hiyo, alikuwa amekwenda kuchukua sampuli kivulini, palipohifadhika vizuri, akapata rangi ambayo hakuna rubani aliyewahi kuiona akiwa ameketi juani. Rangi ya kweli ya vita alikuwa ameifuta kwa msasa na kuiandika uchafu. Mara mbili.

Alifuta neno hilo kwa mstari mmoja wa kalamu, akaandika tarehe pembeni.

Basi Mzee alikuwa mkweli. Lakini hilo halikutosha. Bado kulikuwa na maji sakafuni, na mchirizi mweupe.

"Spana!"

"Naam, mama wa rangi."

"Nani mwingine ameingia humu mchana?"

Spana alijitoa chini ya meza yake ya vyuma akijifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. "Mimi nilikuwa kantini tangu saa saba. Uliza hata mpishi, nimemaliza chai yote."

"Ufunguo wa mlango mdogo?"

"Upo kwenye kopo, pale dirishani, kama siku zote. Anayeujua ni mimi, wewe, na..." Akajifuta mikono tena.

"Na?"

"Na paka," alisema Spana. "Unanishuku mimi? Mimi nikishika msasa hata hewa inakwaruzika. Umeshaniona?"

Alikuwa amemwona. Jicho alirudi mezani kwake akahesabu vipande vya msasa. Alivipanga kwa namba, kutoka ule mkali unaokula bati hadi ule laini unaong'arisha. Kipande kimoja cha mia nane hakikuwepo.

Alirudishia karatasi mlangoni. Safari hii alichana utepe kwa vidole, ukakunjamana vilevile kama ulivyokuwa, ili aliyekuja asijue kwamba amejulikana. Mchimba kisima akikimaliza nusu, hurudi.

Jioni, mezani, Baba Mdogo alikula kidogo. Alikuwa na miaka sabini na tisa na mikono iliyoanza kutetemeka mwaka juzi. Alishika kijiko kwa ngumi, kama mtoto. Jicho alimpitishia maji ya kunawa baada ya chakula, na taa ya mezani ikamulika vidole vyake.

Chini ya kucha tatu za mkono wa kulia kulikuwa na mstari wa njano.

"Leo mchana hukuja kula," alisema Jicho.

"Nilikuwa nanyoosha miguu."

"Jana pia."

"Miguu ni miwili, mwanangu."

Alitabasamu mwenyewe kwa utani wake. Jicho alitabasamu pia, kwa adabu, huku akiwaza kwamba njano ile haikuwepo mahali popote duniani ila chini ya nyeupe ya shule ya urubani. Hukuweza kuichukua kwa kuishika ndege. Ulipaswa kuisaga. Kikulacho ki nguoni mwako, na wakati mwingine kimekaa mbele yako kinakuomba chumvi.

Hakuuliza. Swali likiulizwa mapema humfundisha mtu jibu.

Usiku hakulala vizuri, na asubuhi ya Alhamisi alifanya kazi upande wa kulia tu. Saa saba kamili alifunga banda, akaenda nyumbani, akala peke yake. Saa nane alirudi. Spana alikuwa tayari amefika na alikuwa amesimama mbele ya mlango wa kushoto, karatasi imefunuliwa, kofia yake mkononi kana kwamba amekutana na msiba.

"Sikugusa," alisema kabla hajaulizwa. "Nimekuta hivi. Safari hii hata hakurudishia."

Kisima kilikuwa kimekua, kikawa kama kiganja. Ndani yake, juu ya kahawia, ilisimama herufi moja nyeupe, ndefu kama kidole cha shahada.

Ilikuwa M.

Mguu wa kulia wa herufi hiyo ulikuwa umesuguliwa kupita kiasi. Mahali pamoja bati lilikuwa linang'aa.

Kozi halianzi na M. Lakini Jicho alijua jina la nani linaanza nayo, na Spana alilijua, na kila mtoto wa ukoo alilijua, kwa sababu lilikuwemo kwenye habari ya Daraja. Mluzi. Rubani wa pili, aliyepokezana na Kozi ndege ileile, aliyepiga mluzi kila alipotua. Siku ya Daraja, Mluzi alikuwa hemani na homa, hawezi kuinua kichwa. Ndivyo Baba Mdogo alivyosimulia siku zote. Miezi miwili baadaye Mluzi akafa kwenye ndege nyingine, na daftari za safari zikaungua pamoja na hema la makao.

"Anaifuta," alisema Jicho. Sauti yake ilikuwa kavu. "Anajua iliko, na amekuja kuifuta kabla ya kesho."

Spana alijikuna kisogo. "Haya, tuseme anaifuta. Lakini sikiliza, Jicho. Jina mlangoni ni jina tu. Ndege moja, marubani wawili. Jina la mmoja limeandikwa, mwingine anapanda vilevile. Hata hili koti langu lina jina la marehemu aliyekuwa nalo. Je, mimi ni marehemu?"

"Bado."

"Umeona! Basi halipingi kitu. Rangi ya msingi ipo kwenye bomba, nimekuchanganyia mwenyewe. Piga mara mbili, mlango uwe kijivu, Mzee apate jina lake, na sisi twende zetu. Ana miaka mingapi ya kulifurahia?"

Bomba la kupulizia lilikuwa limening'inia kwenye ndoano yake, limejaa. Jicho alilitazama. Alichosema Spana hakikuwa uongo, na hilo ndilo lililokuwa baya. Angeweza kutia sahihi na sentensi ingesimama. Jina la mtu mlangoni halisemi nani alishika usukani siku fulani.

Lakini Mzee asingekuwa na haja ya kufuta kitu kisichopinga kitu.

Alivuta taa ya mkono na kioo cha kukuzia. Kama ni kufutwa, alitaka kukuona kufutwa kwenyewe. Msasa huandika: mkali huacha mifereji, laini huacha ukungu. Alikagua kisima chote kutoka ukingo hadi ukingo. Hakuna mfereji hata mmoja. Ukungu tu, wa kwenda na kurudi, wenye maji ya kutosha, kingo zikishuka taratibu kama ufuko. Mguu wa herufi uliolika ulikuwa na michirizi mifupi iliyopinda, ya mkono unaotetemeka unapofika mwisho wa mvuto na kushindwa kujizuia.

Aliinuka akaenda mezani kwake. Msasa wa mia moja themanini, ule mkali, ulikuwa mahali pake, haujaguswa, juu ya rundo. Mtu anayetaka kufuta herufi moja angeuchukua huo na kumaliza kazi kabla chai haijapoa. Aliyekuja hapa aliupita, akachukua wa mia nane, na leo, kwa hesabu mpya ya Jicho, kipande cha elfu moja na mia mbili pia. Siku mbili, labda tatu, saa moja moja, kwa mkono unaotetemeka.

"Spana."

"Mm."

"Hafuti. Anatafuta."

"Anatafuta nini?"

Jicho alipanga upya rundo la msasa. Alikuwa ameshuku jambo moja tangu jana na lilikuwa limeanguka. Hakuwa tayari kuegemea lingine kabla halijashikwa mkononi.

Saa tisa na robo mkongojo uligonga saruji mlangoni.

Baba Mdogo aliingia bila kuitwa, akavuka banda, akasimama mbele ya mlango wa kushoto. Hakutazama herufi kwa mshangao. Spana alikumbuka ghafla kwamba kuna nati aliisahau nje, akatoka.

"Umekiona," alisema Mzee.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba. Umekiona?"

"Tangu jana. Umetumia msasa wangu."

"Nilikutazama unavyofanya. Nikasema, mtoto huyu nilimfundisha kufunga viatu, yeye atanishinda kusugua bati?" Alinyanyua mkono wa kulia akauonyesha, ukitetemeka. "Nimefika hapo, mkono umekataa. Nimeuharibu mguu wa M."

"Kwa nini hukuniambia nikifungue mimi?"

"Ningekuambia nini?"

"Kwamba kuna jina."

"Halafu ungeuliza la nani." Alitafuta pa kukaa, akapata ndoo iliyogeuzwa. "Nilisema, nikilitoa lenyewe, litasema lenyewe. Litakuwa limepatikana tu. Hakuna aliyetamka. Uoga, mwanangu, hauzeeki kama goti."

Jicho alikaa sakafuni, mgongo kwenye gurudumu. Alifikiria fomu, akachagua maneno yake.

"Jina la Mluzi mlangoni halipingi chochote," alisema. "Mlikuwa wawili. Spana amesema, na nimelipima, ni kweli. Ninaweza kulinakili, kulipiga picha, kuandika kwamba lilikuwepo, na kutia sahihi bila kusema uongo. Ukitaka tuishie hapo, tuishie."

Lilikuwa jambo kubwa kuliko lolote alilowahi kumpa mtu yeyote katika kazi, na alilisema akitazama uso wa Mzee, apate kujua atafanya nini nalo.

Nje Spana aligonga chuma mara tatu, bila sababu, ili wajue hasikilizi.

"Shuka vidole vitatu," alisema Mzee hatimaye.

"Nini?"

"Chini ya jina. Vidole vitatu. Usisugue njano yote, utaukosa, ni mwembamba."

"Kuna nini?"

"Mstari mwekundu. Kikosi chetu kilikuwa na desturi. Rubani akitua chini ya risasi na kurudi, asubuhi yake mafundi humpigia mstari mwekundu chini ya jina lake. Kwa rangi ileile ya kuandikia alama za mafuta. Jina lilikuwepo toka zamani. Mstari waliupiga kesho yake, baada ya Daraja." Alishusha pumzi. "Homa ilikuwa yangu. Mimi ndiye niliyekuwa hemani. Nilitoka nimejifunga blanketi nikawatazama wakiupiga, na yeye anapiga mluzi."

"Niliporudi nyumbani, bibi yako alinikuta njiani. Alikuwa amesikia redioni kwamba rubani wa ndege yetu ametua darajani. Akaniuliza, 'Ni wewe?' Nilikuwa nimechoka. Nikanyamaza. Alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka. Toka siku hiyo sijapata siku ya kukanusha. Kwanza ilikuwa mapema mno, halafu ikawa imechelewa mno. Katikati sikuiona."

"Kwa nini sasa?"

"Kwa sababu sasa wanataka kuandika jina langu juu ya lake. Mahali palepale." Alinyoosha mkongojo ukaugusa mlango, polepole. "Kusimulia ni upepo. Lakini pale ni kumzika mtu mara ya pili."

Yalikuwa maneno mazuri, na kwa sababu hiyo Jicho hakuyaandika. Maneno mazuri alikuwa ameyasikia maisha yake yote mezani. Aliinuka, akachukua msasa wa elfu moja na mia mbili, akalowesha, akapima vidole vitatu chini ya M, akaanza.

Alisugua dakika arobaini. Mzee alikaa kwenye ndoo na kutazama. Mara moja tu alisema, "Taratibu," na Jicho akamjibu, "Kaa kimya, Baba Mdogo," naye akakaa. Nyeupe iliisha. Njano ikawa nyembamba kama ngozi ya kitunguu. Kisha, chini yake, kitu kikaanza kuwa cheusi kidogo kuliko njano, kikawa chungwa, kikawa chekundu.

Mstari. Upana wa nusu kidole, ulionyooka kwa mkono bila rula, ukielekea kulia chini ya herufi ambazo zilikuwa bado hazijafunguliwa.

Alihakiki jambo moja zaidi. Kwa kioo, kwenye ukingo, nyekundu ilikuwa imelala juu ya kahawia. Juu ya rangi iliyokwisha kupauka, wala si juu ya kijani. Basi haikutoka kiwandani. Ilipakwa uwanjani, baada ya jua kufanya kazi yake.

"Upo?" aliuliza Mzee. Macho yake hayakufika mbali hivyo.

"Upo."

Alitikisa kichwa mara kadhaa, kama mtu anayehesabu watoto wakirudi nyumbani, wote wapo. Kisha akaomba maji ya kunywa.

Jioni ile walifungua herufi zote tano. Jicho alisugua, Spana alimwaga maji, na Mzee alishika taa, ingawa taa ilitetemeka mpaka Spana akasema wanafanya kazi chini ya radi.

Mkaguzi wa makumbusho alifika Ijumaa saa nne na dakika mbili, mtu mwembamba mwenye glavu za pamba na tabia ya kusema "ahaa" kabla hajaelewa. Alisoma mlango. Alisoma fomu aliyoijaza mwenyewe wiki mbili kabla, yenye jina la Kozi. Akasoma mlango tena, na Jicho akaiona shaka ikimwingia usoni, akaitambua kwa kuwa alikuwa ameibeba wiki nzima.

"Ahaa. Hili limepatikana lini?"

"Jana."

"Siku moja kabla sijafika."

"Ndiyo."

"Na nani?"

"Na mimi," alisema Mzee. Alikuwa amevaa suti aliyoiandaa kwa sherehe ya Jumamosi ya kutangazwa kwa jina lake.

Mkaguzi aliwatazama mmoja mmoja. Hakuomba radhi. Alitoa pamba mkobani, akaichovya kwenye thina ya kuyeyushia rangi, akaiweka pembeni kabisa mwa herufi ya mwisho na kuizungusha mara mbili. Rangi za siku hizi zisingeachia. Pamba ilitoka na weupe. Akachukua nyingine kwa ule mstari; ilitoka na wekundu. Alizifunga kwenye vifuko viwili, akaandika saa juu ya kila kimoja.

"Ni ya zamani," alikiri. "Lakini jina halisemi nani alirusha siku ile, mzee wangu. Huenda bado ni wewe."

"Jina halisemi," alisema Mzee. "Uliza kuhusu mstari."

Aliulizwa, akaeleza. Alitumia maneno machache kuliko aliyoyatumia jana, na hakuruka sehemu ya homa. Mkaguzi aliandika kurasa mbili. Spana alisimama kando, kofia kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu ajulikane hakuwa na mzaha.

Jicho aliulizwa kuhusu rangi. Alisema kahawia, akaonyesha daftari, neno *uchafu* likiwa limekatwa na tarehe pembeni, akaeleza kosa lake. Mkaguzi alisema "ahaa", safari hii baadaye. Kisha akalikata jina la Kozi kwenye sehemu ya rubani, akaandika *Mluzi*, akaugeuzia ukurasa upande wa Jicho. Jicho alisoma ile sentensi moja kutoka mwanzo hadi mwisho, akatia sahihi.

Chini yake palikuwa na nafasi ya shahidi. Mkaguzi alisita kidogo, akamtazama Mzee, akampa kalamu.

Mzee aliuweka mkongojo kwenye nguzo ya bawa. Alishika kalamu kwa ngumi na kuandika jina lake la shuleni, lote, herufi moja moja, bila Kozi. Ilimchukua muda. Saa tano na dakika kumi na moja alirudisha kalamu.